Mizani ya Korosho

Mwanzo haukuwa kombe. Mwanzo ulikuwa ngumi,
Katana na Mwinyihaji, nyuma ya jiko la shule, Changamwe,
wakigombea ukoko wa wali wa Ijumaa.
Mwalimu Mwachiro wa jiografia akatoka na chaki sikioni.
Hakuuliza nani kaanza.
Alichora duara mchangani kwa kisigino, akasema:
"Ngumi hapana. Roba hapana.
Atakayemlaza mwenzake mgongo chini, ukoko ni wake."

Mwinyihaji alishinda. Akaukata nusu kwa nusu.
Hilo nalo limo daftarini.

Daftari nilipewa mimi kwa sababu ya kuanguka.
Mwaka mzima, kila aliyenigusa alinipiga mwereka,
hata Katana akasema kivuli changu mwenyewe kinanikata ngwala.
"Wewe una mwandiko," Mwalimu akaniambia.
"Kaa hapa, utuandike."
Sikujua kama ni heshima au huruma.
Nikaandika.

Sabini na tisa: mkeka wa kwanza.
Magunia ya kahawa kutoka maghala ya Shimanzi,
tumeyashona kwa shazia, tumeyajaza makumbi.
Ukiangushwa uliinuka unanukia kahawa,
na mama zetu walijua nani kashindwa
kabla hajafungua mdomo.

Mizani tuliazima kwa Hirji, mnunuzi wa korosho.
Ilikuwa ya kuning'iniza, yenye ndoana;
tukakalishwa kwenye turubai kama watoto wa kliniki,
Hirji akisoma kilo, akitubonyeza mbavu:
"Huyu daraja la pili! Mrudisheni akakauke!"

Themanini na mbili, mashindano yaliangukia Ramadhani.
Mwinyihaji, saumu ya kumi na tisa,
alipimwa alasiri akakutwa pungufu kilo mbili.
Akashushwa uzani.
Akapangiwa Katana.
Walishikana dakika zote sita
kama watu wanaosalimiana baada ya safari,
kipaji kwa kipaji, hakuna anayesukuma.
Refa aliwatoa wote wawili kwa uvivu.
Magharibi ilipoadhiniwa, aliyekuja na tende
alikuwa Katana, ambaye hakuwa amefunga.

Halafu mvua ya tisini na saba.
Maji yaliingia stoo, yakakaa humo kama mpangaji.
Tulipofungua mlango mkeka umeota uyoga,
mweupe, mnene, safu kwa safu,
na mkuu mpya wa shule akauliza takataka hii ni ya nani.
Hakuna aliyejibu. Hata mimi.

Miaka sita daftari halina mieleka.
Lina bei ya dagaa, deni la mafuta ya taa,
na jina la fundi cherehani aliyetuhamia na kitambaa:
mwandiko wa mke wangu.
Sikuzichana kurasa hizo. Zimo kwenye historia.

Kisha akaja Umazi, bintiye Katana, kidato cha pili,
mabega ya baba yake, ulimi si wa baba yake.
"Nani kasema mieleka ni ya wavulana?
Nionyeshe palipoandikwa."
Nikafungua daftari, nikatafuta kweli,
ukurasa kwa ukurasa, na miwani.
Hapakuandikwa.
Jina lake nililiandika kwa wino mwekundu.
Mweusi ulikuwa umekwisha, si kwa sababu nyingine.

Juzi Mwalimu Mwachiro alikuja kutoka Mikindani, na bakora.
Mkeka sasa ni wa sponji, wa bluu, haunukii chochote.
Aliuinamia akaunusa, akatikisa kichwa.
Mizani ya Hirji bado inaning'inia;
Hirji hakuidai, na wanawe hawaijui.
"Miaka yote hiyo," akasema, "mimi sijapimwa."
Tukamkalisha kwenye turubai, taratibu,
miguu yake ikielea kama ya mtoto.
Kilo arubaini na nane.
Nikaandika. Mkono ulitetemeka kidogo, lakini inasomeka.

"Haya," akasema, akitafuta bakora yake,
"nimepangiwa nani?"

Wavulana wakatazama chini.
Umazi akavua viatu.